Siku Saba Kabla Kumbukumbu Haijaganda

Watu watatu waliingia kwenye Chumba cha Maafikiano bila kusalimiana, wakatoka wameshikana mikono. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mimi ndiye niliyewavua kofia.

Wa kwanza kusimama alikuwa Kashindye. Alikuwa analia, lakini kilio cha mtu aliyetua ndoo kichwani. Kaka yake Mihayo, fundi wa pampu za visima, alimfuata mpaka mlangoni akirudia neno moja. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilisahauje? Mama alisema mwenyewe na mimi nilikuwepo. Nilisahauje?" Wa tatu alikuwa Bibi Sikudhani, mama wa Kizaramo, jirani yao, aliyesaidia kumuuguza marehemu mama yao mpaka mwisho. Yeye hakulia. Alivaa kandambili zake mlangoni taratibu, halafu akanitazama kuanzia miguu mpaka kichwa.

"We mtoto, mbona mwembamba hivyo? Hii mashine inakula na mafundi wake?"

"Hapana, bibi."

"Basi kula wewe."

Wakaondoka. Nikafunga mlango, nikakaa. Mimi si mtu wa maneno, na kazi hii niliichagua kwa sababu hiyo. Unashinda ndani ya vichwa vya watu, lakini hulazimiki kuongea nao.

Ugomvi wao uliandikwa kwenye fomu kwa mstari mmoja: Mama alisema nini kuhusu Kashindye kabla hajafa? Chini yake kila mtu alijaza analokumbuka. Mihayo aliandika: "Alisema, 'Asikanyage hapa mpaka nife.'" Kashindye aliandika: "Sijui. Sikuwepo." Bibi Sikudhani aliandikiwa na karani: "Alinyamaza."

Kashindye alikuwa ameondoka nyumbani miaka kumi na moja iliyopita, na mwanaume ambaye mama yake hakumtaka. Hakurudi mpaka siku ya mazishi. Alirudi na binti wa miaka minne, akaomba kitu kimoja tu: mtoto arithi jina la bibi yake, Nyamizi. Kwao jina la marehemu linatolewa mara moja, kwa mtoto mmoja, mbele ya ukoo. Mihayo akakataa. Jina la mama haliwezi kwenda kwenye nyumba ambayo mama aliikana. Wakabishana mpaka majirani wakawaleta kwetu. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jina lilikuwa litolewe Jumapili.

* * *

Bibi yangu aliwahi kuniambia kwamba zamani watu wakibishana, mmoja anatoa simu, anaonyesha video, ugomvi umekwisha. Siku hizi hata mtoto wa darasa la pili anaweza kukutengenezea video unaiba mbuzi, na mbuzi mwenyewe anatoa ushahidi. Mahakama ziliacha kuamini picha, zikaacha kuamini sauti. Vikabaki vichwa vya watu. Ndipo ikaja Mizani.

Inafanya kazi hivi. Kila mmoja anavaa kofia. Mimi nataja jambo, wao wanalikumbuka. Pale wanapokubaliana, Mizani inapaacha palivyo. Pale wanapotofautiana inapima: kumbukumbu ipi inawaka zaidi? Yenye uzito inabaki, nyepesi inafutika, au zinachanganywa. Kisha wote watatu wanarudishiwa kumbukumbu moja. Mizani haitafuti ukweli. Watu wengi hawajui hilo, ingawa limeandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Inatafuta kitu ambacho wote wanaweza kuishi nacho.

Kwa siku saba kumbukumbu hiyo inakuwa kama maziwa mabichi. Unaweza kuimwaga ukarudisha ya zamani, maana tunaihifadhi. Siku ya saba inaganda. Na sisi mafundi ndivyo tunavyosema, kuganda. Baada ya hapo ya zamani inafutwa na hakuna wa kuirudisha. Kwa hiyo ndani ya hizo siku saba fundi anatakiwa aikague, asaini kwamba hakuna kitu cha kigeni kilichoingia.

Nikaikagua palepale.

Kwenye skrini niliona chumba cha mgonjwa. Kitanda, dirisha, blanketi la kijivu. Mama Nyamizi amelala. Kashindye amekaa miguuni pake. Hilo halikunishtua, ingawa nilijua Kashindye alifika mama akiwa tayari amekufa. Mizani mara nyingi inamweka mtu mahali ambapo hakuwepo. Tunamwita mgeni, na kanuni zinaruhusu mgeni mmoja.

Halafu mama Nyamizi akatupa blanketi, akasimama.

Alizunguka chumba mara tatu, mkono kiunoni, fimbo hewani, anachezesha mabega. Akasimama mbele ya Kashindye, akarekebisha miwani yake, akasema, "Umechelewa wewe, uji umepoa. Haya ingia. Mlango huu sikuufunga mimi, umefungwa na upepo." Akacheka. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na wanawake watatu waliojipaka unga usoni, mmoja anapiga mfuniko wa sufuria.

Nikarudi kwenye fomu, kipengele cha afya. Marehemu alipooza miguu miezi saba kabla ya kufa.

Nikaikuza picha ya miguu. Ilikuwa mikubwa, na kucha zina hina. Kucha zile nilikuwa nimeziona nusu saa kabla, pale mlangoni, zikiingia kwenye kandambili.

* * *

Mkuu wa kituo, Mzee Mgalula, alikuwa anatafuna matobolwa, vile viazi vya kukausha vya Wanyamwezi, alipoiangalia ile kumbukumbu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Huyu si Nyamizi! Huyu ni Sikudhani huyu!"

"Anafanya nini?"

"Hivi nyie Wanyakyusa msibani mnafanyaga nini, Subilaga?"

"Tunalia. Halafu tunacheza ngoma."

"Na mtani havai nguo za marehemu?"

"Mimi sijaona."

"Masikini. Mnazika kama mnapanda migomba." Akafuta machozi ya kicheko. "Sikiliza. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za safari za miguu kwenda pwani. Ukifa, mtani wako anachukua khanga yako, miwani yako, fimbo yako, anatoka mbele za watu anatembea kama wewe, anaongea kama wewe, anasema mambo yote ambayo watu wanaogopa kuyasema. Wenzake wanajipaka unga, wanampigia masufuria. Watu wanacheka huku wanalia. Na hakuna ruhusa ya kukasirika. Msiba usio na mtani una kasoro."

"Na kila mtu anajua si marehemu."

"Kila mtu! Hata kuku wanajua."

"Mizani haijui," nikasema.

Akaacha kutafuna.

Nilimweleza, ingawa alikuwa anajua kuliko mimi. Mizani inamtambua mtu ndani ya kumbukumbu kwa nguo, kwa sauti, kwa mwendo, na kwa jinsi moyo wa anayekumbuka unavyoruka akimwona. Niliwauliza watatu hawa, "Kumbukeni maneno ya mama kuhusu Kashindye." Kule chumba cha mgonjwa maneno yalikuwa ya Mihayo peke yake, na hayakuwaka. Kwa Bibi Sikudhani mama alinyamaza, na ukimya kwenye Mizani hauna uzito. Lakini msibani palikuwa na khanga ya mama, sauti ya mama, mwendo wa mama, na mioyo mitatu iliruka kwa wakati mmoja. Mizani ikaing'oa ile msibani, ikaipeleka kitandani. Waliotengeneza mashine hawakuwa na watani.

"Saini," akasema Mzee Mgalula.

"Lakini haikutokea."

"Nani ameumia? Dada kapata mama, kaka kapata dada. Mtoto anapata jina."

"Watu waliokuwa msibani watawaambia."

"Watawaambiaje? Kashindye akisema, 'Mama kaniambia mlango umefungwa na upepo,' watu watadhani anaendeleza utani. Watacheka na yeye. Kwenye utani hakuna anayeuliza maswali, binti. Ndo raha yake."

"Na ukweli, mzee?"

Akasogeza sahani ya viazi, akagonga meza kwa kidole. "Nionyeshe ukweli hapa mezani. Mama kafa. Kilichokuwa moyoni mwake kafa nacho. Labda alimsamehe, hakusema. Labda hakumsamehe. Vimebaki vichwa vitatu, na vyote vitatu vinasema kitu kimoja. Hata mimi na wewe tupo kwa sababu watu wanakubaliana tupo."

"Wakikubaliana hupo?"

"Nitaendelea kula viazi vyangu." Akavuta sahani. "Una mpaka Jumapili."

* * *

Jumatano nilienda kwa Bibi Sikudhani. Nilitaka kusikia kwake mwenyewe kama aliwahi kuambiwa lolote na marehemu. Pengine yale maneno ya mlango hakuyatunga. Kama mama Nyamizi aliyasema kweli, hata kwa kunong'ona, ningesaini na roho yangu ingetulia.

Nilisahau kitu kidogo. Bibi Sikudhani naye alivaa kofia.

Nilimkuta ndani, madirisha yamefungwa, anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Aa, mwembamba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo."

Akanipa kiti na kikombe cha uji. Nikauliza habari za msiba, nani alikuwepo, nani alifanya nini. Alijibu bila kuniangalia.

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Nachochea moto." Akatupa punje moja ya mchele chini. "Unajua, mjukuu wangu, toka Jumatatu sitoki. Nikipita njiani watu wananiambia, 'Bibi, siku ile ulituua!' Wengine wananishika mkono. Nimemuua nani mimi? Wananisimanga. Wamejua."

"Wamejua nini?"

"Kwamba nimemzika Nyamizi bila kumtania." Sauti yake haikupanda. "Miaka thelathini tumetukanana na yule mwanamke. Yeye ananiita kifuu cha nazi, mimi namwita punda wa msafara. Nikiumwa anakuja kupima urefu wangu kwa kamba, eti anataka kujua jeneza litakuwaje. Tulikuwa tumeshapatana: atakayetangulia, mwenzake avae khanga yake atoke nayo. Halafu siku ilipofika mimi nikakaa jikoni. Mtani gani huyo? Nakaa hapa najiuliza, nilipatwa na nini? Sipati jibu."

Nikanywa uji.

"Na tena mimi nilimwona alivyosimama," akaendelea. "Miguu iliyokufa, ikasimama, kwa ajili ya mwanawe. Kile kilikuwa kitu cha Mungu. Mtu aliyeonyeshwa kitu kama kile halafu anashindwa hata kumtania mwenzake!"

Kwenye skrini yangu kazini kulikuwa na kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona mtu akiifanya kwa ajili ya rafiki yake. Aliyeifanya alikuwa amekaa mbele yangu, anachambua mchele msafi, anaamini hakuifanya.

Nikarudi ofisini nikaandika majina mawili kwenye karatasi. Nikisaini, Kashindye anabaki na mama. Nisiposaini, Bibi Sikudhani anarudishiwa siku yake. Niliangalia ile karatasi Alhamisi yote na Ijumaa yote. Hakuna jina lililokuwa dogo.

* * *

Jumamosi saa nne asubuhi nilienda nyumbani kwa marehemu. Uani palikuwa na masufuria yaliyosuguliwa yamefudikizwa juani. Kashindye alikuwa kwenye mkeka anamsuka binti yake, Holo, ambaye kesho yake angeitwa Nyamizi. Mihayo alikuwa anafungua pampu ya kisima. Alimaliza, akaja akamnyanyua mtoto na nywele zake nusu zimesukwa nusu zimesimama, akamweka mabegani.

"Mjomba, twende kwa mbuzi!"

"Mbuzi wamekukataa, wanasema unanuka."

"Kaka, sijamaliza kichwa hicho!" Kashindye akapiga kelele, lakini anacheka. Wakaenda.

Akanigeukia. "Dada wa Mizani, karibu. Umekuja kuonja kabla ya siku?"

"Nimepita tu."

"Hakuna mtu wa kimya anayepita tu. Kaa. Una kitu, sema."

Nilikuwa nimetayarisha swali njia nzima. Nilidhani ni swali la busara, lisilo na jibu ndani yake. "Dada Kashindye, mtu akiwa na kitu anachokiamini, kinamsaidia, halafu mwingine anajua kwamba hakikutokea. Angetaka aambiwe?"

Chanuo kikasimama mkononi mwake.

"Si umeshaniambia," akasema.

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa lile swali. Haliulizwi. Ukishaliuliza umeshamchukulia mtu kile ulichokuwa unamuuliza kama yuko tayari kukiacha.

Basi nikamweleza yote. Khanga, miwani, wanawake wa unga, miguu yenye hina. Sikuzoea kuongea muda mrefu namna ile. Alinisikiliza huku anatoa nywele kwenye chanuo moja moja.

"Lakini nakumbuka," akasema. "Nilikaa pale miguuni. Blanketi lilikuwa linanuka dawa ya kuchua. Nainusa sasa hivi."

"Unaikumbuka kweli."

"Kwa hiyo pua yangu inanidanganya."

"Haidanganyi. Hiyo harufu ni ya kaka yako. Yeye ndiye alikuwa anamchua mama. Mizani imekugawia na wewe."

Akaangalia upande alikokwenda Mihayo. "Na kesho ukisaini, itakuwaje? Maana mimi nimeshajua."

"Utajua kwa muda. Halafu taratibu utaona mimi ndiye niliyechanganya mambo. Kichwa kinachagua kilichowaka."

"Na ukirudisha?"

"Utakuwa na ulichokuwa nacho Jumatatu asubuhi. Mama alikufukuza. Ulirudi ukakuta kaburi. Yale maneno ya mlango utakuwa nayo, ila yatakuwa ya Bibi Sikudhani."

Kwa mbali mtoto alikuwa anamwita mbuzi majina.

"Siku ile msibani," akauliza, "aliposema yale maneno, mimi nilifanyaje?"

Kanuni zinaturuhusu kufungua kumbukumbu ya zamani kukiwa na hitilafu. Nilikuwa nimeifungua Ijumaa. "Ulicheka kwanza. Halafu ukaanguka chini ukashika ile khanga, ukalia. Yeye akaendelea kuongea kwa sauti ya mama yako mpaka ukatulia."

"Nilijua ni Sikudhani?"

"Ulijua. Alipotaka kuvua khanga ulimwambia, 'Bibi, usivue kwanza.'"

Kashindye akaweka chanuo chini.

"Basi siku ile hakuna aliyenidanganya," akasema, "na nililia vilevile."

"Ndiyo."

"Na Bibi mwenyewe anajua?"

"Anajua hakumtania mama yako. Amejifungia ndani toka Jumatatu."

"Ndo maana! Nimemwita aje kuchambua mchele hapa, akasema anaumwa." Akajifuta uso kwa upande wa mkono. Alipoongea tena alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani. "Mama yangu alikuwa mkali hata kwa kuku. Alinifukuza mbele ya wageni. Huyo namjua, nimekaa naye kichwani miaka kumi na moja, tunagombana kila siku. Huyu mwingine anayesimama ananikaribisha, ni mtu mzuri sana, lakini nikikaa nikamfikiria simjui. Mwanangu nitampaje jina la mtu nisiyemjua?"

"Ukirudisha, kaka yako hatakubali kulitoa hilo jina."

"Najua." Akasimama, akakung'uta nywele kwenye mkeka. "Kesho asubuhi. Niwaite mimi, wewe utachukua mwezi mzima kuwaambia."

* * *

Akitaka mmoja, wote wanarudishwa. Kumbukumbu ya watu watatu haiwezi kubaki kwa wawili.

Jumapili walikuja mapema. Mzee Mgalula alifungua chumba bila kunisalimia, akaenda kukaa nje kwenye benchi na mtoto. Bibi Sikudhani alivaa kofia bila kuuliza. Alikuwa ameambiwa tu kwamba kuna siku yake imepotea, akasema hata ikiwa siku ya kuumwa anaitaka. Mihayo ndiye aliyesimama na kofia mkononi.

"Mimi nilimwona," akasema. "Alisimama. Miezi saba namgeuza kitandani, namchua, namlisha, haniambii hata asante. Halafu nikamwona anasimama. Mnataka kunitoa hilo, mniachie nini?"

"Utabaki na hiyo miezi saba, kaka," Kashindye akasema. "Hiyo ilitokea."

"Nikivua hii sitakuwa na sababu ya kukupa jina. Unaelewa? Nitatoka hapa nikiwa yule wa Jumatatu."

"Naelewa."

"Na bado unataka?"

"Na bado."

Alimtazama dada yake kama mtu anayeaga stesheni. Akavaa kofia.

Kurudisha kunachukua dakika kumi na moja. Kuna kitu kimoja ambacho hakirudi. Mizani inaondoa kumbukumbu iliyoiweka yenyewe, lakini haigusi siku ambazo mtu ameishi nayo. Zile siku sita zinabaki kichwani na chanzo chake hakipo, kama mtu anavyokumbuka kwamba alicheka sana mahali fulani na hakumbuki kichekesho. Kwenye mafunzo walituambia hii ni kasoro ndogo, haina madhara.

Bibi Sikudhani ndiye aliyefumbua macho kwanza. Alikaa anaangalia dari, midomo inacheza. Halafu akapiga paja.

"Nyamizi! Kumbe nilikutania, punda wewe! Na mwendo wako nikaupata!" Akaanza kucheka, akazungusha bega moja pale kwenye kiti, nyaya zote zikatikisika. "Watu walianguka! Yule mama Mhoja alikaa kwenye karai la vyombo!" Kisha akamwona Kashindye, kicheko kikaisha chenyewe. Akanyoosha mkono akamshika goti.

Kashindye alikuwa amefumbua macho. Uso wake ulikuwa umefunga. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa kama watu wanavyokaa hospitali wakisubiri kuitwa.

Nikawauliza swali la fomu, maana ni lazima. Mama alisema nini kuhusu Kashindye kabla hajafa? Majibu yalikuwa yale ya Jumatatu. Mihayo alijibu la kwake akiangalia sakafu. Nikaandika kwamba maafikiano yameshindikana, nikasaini hilo. Mzee Mgalula alikuja kuniomba maelezo ya maandishi. Nikamwambia atayapata.

Mihayo alivua kofia, akaiweka mezani vizuri, akatoka. Hakumwangalia dada yake. Nilimfuata mpaka mlangoni kwa sababu ndiyo kazi yangu kuhakikisha wanatembea sawa.

Kashindye alipita pembeni yangu. Mtoto alikuwa chini ya benchi anafuata sisimizi.

"Nyamizi," Kashindye akaita. "Twende."

Mtoto hakugeuka. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Nyamizi!"

Sauti haikuwa kubwa, lakini lilikuwa jina la mama yao, linaitwa hadharani, mchana, na mtu aliyefukuzwa na mwenye jina. Mihayo alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho. Akasimama. Nilimwona bega lake likipanda, nikasubiri ageuke na yale maneno ambayo sasa alikuwa na haki nayo.

Hakugeuka. Alisimama tu, na nilijua anafanya nini, kwa sababu nimeona wengi wakifanya hivyo kwenye ngazi zile. Alikuwa anatafuta. Alikuwa anakumbuka siku sita za kumbeba mtoto huyu mabegani, nywele nusu zimesukwa, anakumbuka alivyocheka, na anatafuta sababu yake, na haipo.

Mtoto alitoka chini ya benchi, akamwona, akaanza kukimbia.

Mihayo alishusha mkono wake, taratibu, mpaka usawa wa mtoto, akauacha hapo.